Siku Moja ya Kutazama Wanyama Ol Pejeta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota garini, katika miaka ya kupeleka wageni Laikipia. Mengine huulizwa kabla hatujafika Sagana, mengine huulizwa kwa kunong'ona kifaru akiwa amesimama mbele ya gari. Nimeanza na yale ambayo kila mtu huuliza, nikamalizia na yale ya mtu mmoja mmoja. Bei na saa za milango sikuziandika kwa sababu hubadilika. Ziangalie kwa Ol Pejeta wenyewe kabla hujatoka nyumbani.

## Kuhusu mahali penyewe

Ol Pejeta ni mbuga ya serikali?

Hapana. Ni ranchi ya ng'ombe iliyogeuka hifadhi bila kuacha kuwa ranchi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 360, sawa na ekari 90,000 hivi, katika kaunti ya Laikipia, karibu na mji wa Nanyuki. Mlima Kenya uko mashariki yake, milima ya Aberdare iko upande wa kusini-magharibi, na mstari wa ikweta unapita humo humo ndani.

Kwa miaka mingi ilikuwa ya ng'ombe tu, ikipita mikono ya walowezi na matajiri: Lord Delamere, baadaye mfanyabiashara Msaudi Adnan Khashoggi, kisha kampuni ya Lonrho. Mwaka 1988 ekari 24,000 zilitengwa kuwa hifadhi ya Sweetwaters, hasa kwa ajili ya vifaru weusi. Mwaka 2004 shirika la Fauna & Flora International likainunua ardhi yote kwa msaada wa Arcus Foundation, na umiliki ukaenda kwa shirika la Kenya lisilogawana faida. Wanyamapori wenyewe, kisheria, ni wa taifa, hata wakilala kwenye shamba la nani.

Kabla ya walowezi ardhi hii ilikuwa ya nani?

Swali hili huulizwa na Wakenya zaidi kuliko wageni wa ng'ambo. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, wakaahidiwa kwamba Laikipia itakuwa yao daima. Miaka saba tu ikapita. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa tena, safari hii kwenda kusini, ili walowezi wapate malisho. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani na kesi yao ikatupwa. Kwa hiyo ukisikia watu wa Laikipia wakibishana kuhusu ranchi kubwa, jua mabishano hayo yana umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mimi huwaambia wageni wangu hivyo tukiwa bado barabarani, maana tukishaingia ndani hakuna anayetaka kusikia habari za mikataba.

Kutoka Nairobi ni mbali? Siku moja inatosha?

Hadi Nanyuki ni kama kilomita 200, kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru. Saa nne ukiendesha kwa adabu. Ukitoka Nairobi alfajiri na kurudi usiku, utaona wanyama lakini utakuwa umeikosa asubuhi, na asubuhi ndiyo siku yenyewe. Lala Nanyuki usiku wa kuamkia. Hata chumba cha kawaida cha mjini kinatosha, kwa kuwa utaondoka kabla jogoo hajamaliza kuwika.

Mwezi gani mzuri wa kwenda?

Januari na Februari, na Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakikaribia maji. Lakini Laikipia haifuati kalenda ya pwani wala ya Nairobi kikamilifu. Julai na Agosti nako hunyesha mara kwa mara. Masika, Machi hadi Mei, kuna matope, ila kuna utulivu na kila kitu ni kijani. Kama hupendi kupangana foleni ya magari kumi nyuma ya simba mmoja, njoo wakati wa masika.

Si ni ikweta? Mbona mnaniambia nibebe sweta?

Kwa sababu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo unashuka kutoka mlimani wenye barafu. Saa kumi na mbili asubuhi, paa la gari likiwa limeinuliwa, hata koti halitoshi. Saa sita mchana utakuwa umevua kila kitu unachoweza kuvua kwa heshima. Ndugu zetu wa Mombasa ndio hawaniamini kabisa, halafu ndio huomba blanketi la gari.

Naweza kuingia na gari langu?

Ndiyo. Kiangazi hata gari dogo hupita barabara kuu za ndani ukienda polepole. Mvua ikinyesha mambo hubadilika, maana sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoshika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Chukua ramani langoni. Na ukikwama, tazama jibu la kukwama, sehemu ya mwisho.

## Siku yenyewe

Siku inakwendaje, saa kwa saa?

Uwe langoni unapofunguliwa. Jua hapa huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa mbili za kwanza ndizo za wanyama wala nyama: simba wanarudi kivulini, fisi madoa anatembea na tumbo lililojaa, mbweha anakagua kilichobaki. Endesha pole, simama sana. Kosa kubwa la wageni ni kuzunguka kilomita themanini wakimtafuta mnyama, badala ya kuzima injini karibu na maji na kumwacha mnyama awatafute wao.

Kuanzia saa tatu hadi saa tano ni zamu ya wala majani: pundamilia, kongoni, choroa, pofu, swala pala, swala granti, ngiri anayekimbia mkia wima kama mlingoti wa redio. Twiga wa hapa ni wale wa kaskazini, wenye mabaka makubwa ya kahawia yaliyotengwa na mistari myeupe safi.

Jua likiwa kichwani, nenda kwa sokwe au kwa vifaru wawili (kila mmoja ana jibu lake hapo chini), ule chakula chako kwenye eneo lililoruhusiwa kushuka, upumzike. Mtoni Ewaso Ng'iro kuna njia ya kutembea kwa miguu pamoja na renja hadi mahali pa kuchungulia viboko. Saa kumi jioni rudi nyikani. Kuanzia hapo mwanga unalainika, Mlima Kenya hufunguka mawingu ukiwa na bahati, na ndovu hushuka kunywa. Anza kuelekea langoni ukiwa na muda wa kutosha. Kila siku kuna gari linalokimbia mbio za mwisho na kupita chui bila kumwona.

Nitaona simba?

Huenda. Simba wapo na wanazaliana vizuri, lakini ardhi ni kubwa na simba hulala saa nyingi kuliko paka wa jikoni kwenu. Ukiwa na hamu sana, kuna matembezi maalumu ya kufuatilia simba waliovishwa kola zenye redio, ukiwa na watu wa utafiti ndani ya gari. Unasikia mlio kwenye kipokezi ukiongezeka nguvu, halafu unaambiwa simba yuko kwenye kichaka kile, nawe huoni chochote mpaka sikio moja litikisike. Kwangu mimi hilo sikio linashinda simba watano waliolala barabarani.

Kifaru mweusi na mweupe nitawatofautishaje? Wote naona kijivu.

Ni kweli, wote kijivu, au rangi ya matope waliyogaagaa. Tazama mdomo. Mweupe ana mdomo mpana, wa kukata nyasi, ndiyo maana kichwa chake kiko chini muda wote kama mtu aliyepoteza sarafu. Mweusi ana mdomo uliochongoka wa kunyakua vijiti na majani, hukaa vichakani na ana hasira za karibu. Ukimwona mama na mtoto: mtoto wa mweupe mara nyingi hutangulia, wa mweusi hufuata nyuma.

Ol Pejeta ina vifaru weusi zaidi ya 150. Ili uelewe uzito wa hesabu hiyo, Kenya ilikuwa nao kama 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndani ya miaka ishirini ujangili ukawaacha chini ya 400 nchi nzima. Sasa shida imegeuka: nafasi haitoshi, na madume wakibanana huuana. Ndiyo maana mwaka 2024 vifaru weusi 21 walihamishiwa Loisaba, kaskazini zaidi, baadhi yao wakitoka hapa.

Wale vifaru wawili wa mwisho duniani ndio hao?

Hao ni wengine: vifaru weupe wa kaskazini, Najin na Fatu, mama na binti. Zamani jamaa zao waliishi Uganda, Sudan, Chad, Afrika ya Kati na Congo, na wa mwisho kuonekana porini walikuwa katika mbuga ya Garamba, Congo. Desemba 2009 wanne waliletwa Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki, kwa tumaini kwamba hewa ya nyumbani ingewafanya wazae. Haikutokea. Suni, mmoja wa madume wawili kati ya hao wanne, alikufa Oktoba 2014. Sudan, dume la mwisho, aliyekamatwa akiwa ndama Shambe, huko Sudan Kusini ya leo, alikufa Machi 19, 2018, akiwa na miaka 45.

Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba. Kwa hiyo wanasayansi huchukua mayai ya Fatu, huyarutubisha maabara kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, na wanatafuta jike la kifaru mweupe wa kusini la kubeba. Januari 2024 walitangaza kwamba njia hiyo inawezekana: kiinitete cha jamii ya kusini kilipandikizwa hapa Ol Pejeta na mimba ikashika. Lakini jike lile lilikufa kwa maambukizi ya bakteria baada ya mvua kubwa, likiwa na kijusi cha siku 70.

Kuwatembelea ni kwa kupanga mapema, na kuna malipo ya ziada. Utawakuta ndani ya eneo lao lenye uzio, wakilindwa usiku na mchana, wakila nyasi bila haraka yoyote. Wageni wengi hushuka garini wakiwa na maswali kumi na wakafika pale wakanyamaza.

Kenya ina sokwe? Sikujua.

Porini haina. Sokwe wa Sweetwaters ni wakimbizi. Wa kwanza waliletwa 1993 kutoka kituo cha Bujumbura, vita vya Burundi vilipoanza, kwa makubaliano ya ranchi, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na taasisi ya Jane Goodall. Wengine waliokolewa baadaye kutoka kwa wafanyabiashara na watu waliowafuga majumbani. Anayesimuliwa sana ni Poco, aliyefungiwa miaka mingi Bujumbura katika kizimba chembamba kiasi cha kumlazimu asimame, na hata alipopewa uwanja aliendelea kutembea wima kama mtu.

Kuna makundi mawili, mto ukiyatenga. Pafunguliwapo ni asubuhi na tena alasiri, katikati hufungwa, basi panga siku yako sawasawa. Na usisimame karibu na uzio ukimkodolea macho dume: hurusha vitu, na shabaha yake ni nzuri.

Mbona pundamilia wale hawafanani na hawa?

Umeona vizuri. Wale wa mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio ya mviringo kama ya mwanasesere ni pundamilia wa Grevy. Wamebaki Kenya na Ethiopia tu. Ukiwaona, wapige picha nyingi. Wageni hupita wakisema "pundamilia tena" na kuja kujuta jioni wakionyeshwa kitabu.

## Ng'ombe, ambao watu huwacheka mpaka waelewe

Ng'ombe wanafanya nini katikati ya simba na ndovu?

Wanalipa mishahara, kwanza. Wengi ni Boran, ng'ombe wa nundu waliotokana na mifugo ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wavumilivu wa kiu na wa mwendo. Lakini pia wanafanya kazi ambayo haionekani kwenye picha.

Usiku hulazwa kwenye boma la vyuma linalohamishwa. Baada ya siku kadhaa boma linaondolewa, samadi inabaki, na mvua ikija pale huota nyasi tamu fupi zinazopendwa na swala na pundamilia kwa miaka. Ukikuta kiwanja cha mviringo kijani kuliko kwingine, kimejaa swala, umekuta kitanda cha zamani cha ng'ombe.

Jambo la pili ni kupe. Ng'ombe huogeshwa dawa kwenye josho. Akirudi malishoni kupe wa nyasini wanamparamia na kufa. Kwa hiyo kundi likipita ni kama ufagio, na nyati na kifaru wa eneo hilo wanapata nafuu. Kwa miaka mingi wafugaji Laikipia waliamini kwamba lazima uchague, ng'ombe au wanyama. Mimi nadhani ranchi hii ni ya kutazamwa kwa sababu ilikataa kuchagua, na ndiyo maana huwasimamisha wageni wangu mbele ya ng'ombe hata wakinung'unika.

Simba hawawali?

Hujaribu. Ndiyo maana kuna wachungaji kutwa na boma imara usiku. Mzee mmoja wa kuchunga aliniambia simba hamsumbui sana, fisi ndiye hana haya.

## Miti, sisimizi na uzio

Ile miti mifupi yenye vinundu vyeusi ni nini?

Ni mgunga wa miiba. Vinundu vile ni vyumba: ndani wanaishi sisimizi wa asili wa mti huo. Upepo ukipita kwenye vitundu vyao mti hupiga filimbi. Zima injini usikie. Ndovu akija kula, sisimizi humiminika na kumuuma puani ndani ya mkonga, mahali pasipo ngozi nene. Ndovu huondoka. Mti unalipa kodi ya ulinzi kwa nyumba na utomvu mtamu.

Nimesikia sisimizi wamebadilisha chakula cha simba. Ni hadithi?

Si hadithi, ingawa inasikika kama ngano ya Sungura. Sisimizi wageni, wenye vichwa vikubwa, waliingia Laikipia miaka ya 2000 na kuwamaliza wale walinzi. Wao hawalindi mti. Ndovu wakapata mlango wazi, wakavunja migunga, na nyika ikawa wazi. Simba huwinda kwa kujificha. Bila vichaka, pundamilia humwona mapema na kukimbia.

Mtafiti Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2024 katika jarida la Science: mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba Ol Pejeta, kufikia 2020 wakawa asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo, wakafika asilimia 42 vilevile. Idadi ya simba haikushuka, ila kuangusha nyati ni kazi ya hatari na inahitaji simba wengi. Basi ukipita mahali palipojaa migunga iliyovunjika, na mbele kidogo ukakuta simba wanamzunguka nyati, umeona mkasa mzima kwa asubuhi moja.

Pengo kwenye uzio wa umeme lenye vigingi vifupi ni uharibifu?

Ni mlango. Vigingi vimepandwa karibukaribu, urefu wa goti hivi. Ndovu na twiga huvivuka kwa juu na kupita, simba na swala hupenya. Kifaru, mwenye miguu mifupi na mwili mzito, hawezi kuvivuka. Kwa hiyo wanyama wengine wanahama wakitaka, kifaru anabaki ndani ya ulinzi.

## Mambo ya mara moja moja

Naweza kushuka nipige picha, dakika moja tu?

Kwenye maeneo yaliyoruhusiwa tu. Nyasi zinazofika magotini zinamficha simba mzima.

Kuna ubaya kuweka picha za kifaru mtandaoni?

Picha haina ubaya. Zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga, na usiandike ulimwona wapi na saa ngapi. Majangili nao wana simu. Kuna mti mmoja ndani ya hifadhi wenye makaburi ya vifaru waliouawa, kila mmoja na jina lake. Ukipita hapo hutahitaji kuambiwa mara ya pili. Ndege zisizo na rubani usibebe kabisa bila kibali.

Nikikwama?

Kaa garini, piga simu kwa nambari iliyo kwenye karatasi ya langoni, subiri. Mimi nilikwama mwezi wa Aprili, kwa ubishi wangu, nikakaa saa tatu na familia ya Nakuru iliyomaliza maandazi yote. Tuliona dikidiki wawili, ndege karani akimkanyaga nyoka, na kundi la ndovu lililotupita bila kututazama. Mpaka leo wananiuliza lini tutakwama tena.

Usiku kuna la kuona?

Kuna, lakini kwa gari la hifadhi na mwongozaji wao, si lako. Utakutana na fisi, mbweha masikio, sungura wasiohesabika, na ukiwa umebarikiwa sana, mhanga akichimba mchwa. Sweta tena, kama nilivyosema mwanzoni.

Nina mtoto mdogo na shosho wa miaka themanini. Wataweza?

Shosho ataweza kuliko wewe. Mweke kiti cha mbele, mbali na mitikisiko ya nyuma, na mpe darubini. Mtoto mdogo huchoka baada ya saa mbili. Anza na ngiri na nyani, anaowaona bila kuelekezwa, halafu mpeleke kwa sokwe.

Nisipoona simba narudishiwa pesa?

La. Ila aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama juu ya nyayo za simba wa usiku ule, mlango wa gari ukiwa wazi, akitafuta kofia yake.